Nilivyokipima Kituo cha Matarishi kwa Mlango wa Farasi

Jumamosi, tarehe 26 Aprili. Tangu alfajiri vumbi limeifunika Muaither, mtaa wetu hapa Qatar. Jua halionekani, upo mwanga wa njano tu, na Mwanaidi, mke wangu, ameziba nyufa za dirisha kwa khanga kuukuu.

Naandika haya kwa sababu Wanjala, jirani yetu wa chumba cha pili, Mkenya, mlinzi wa usiku, ameniuliza mara nne nilikwenda China kufanya nini, na kila nikimjibu nachanganya mwanzo na mwisho. Wengine nao wameuliza. Mimi niliishia darasa la saba, kalamu yangu imezoea daftari la mafuta ya gari, kwa hiyo nikikosea mniwie radhi. Nitajitahidi kila mtu nimwandikie haki yake, hata bashmuhandisi.

Bashmuhandisi, yaani mhandisi kwa heshima ya kwao, ni Idris, Msudani, mwajiri wangu. Ni mchoraji wa majengo na mimi, Saleh, ni dereva wake, mwaka wa sita sasa. Mwenye maduka mmoja wa Al Rayyan alimwomba amchoree banda la kupumzikia vijana wa pikipiki wanaopeleka chakula majumbani. Kiwanja kipo kando ya maduka yake. Alitaka michoro Alhamisi, na alisema wazi kwamba isipompendeza, mahali pale ataweka sehemu ya kuosha magari.

Kwangu hilo halikuwa jambo la ofisini. Kassimu, mdogo wake Mwanaidi, anaendesha pikipiki hizo. Agosti iliyopita alianguka kwa joto hatua chache tu kutoka maduka yale yale, na mfuko wa biriani wa mteja ukiwa bado mgongoni. Alilazwa siku mbili. Banda lingekuwapo, asingeanguka.

Bashmuhandisi alichora banda la kwanza. Mbele kioo, ndani viti, pikipiki nyuma juani. Nilimwonyesha Kassimu. Akaniambia, "Shemeji, mimi siwezi kukaa ndani ya kioo nikaacha oda ya mtu nyuma ya nyumba. Nitabaki juani naikodolea macho." Nilimfikishia bashmuhandisi. Baada ya siku mbili akasema Wachina walishalitatua jambo hili zamani sana, enzi za wafalme wao. Alisoma huko ujanani. Aliwahi kuona kituo cha matarishi wa serikali, mahali ambapo mpanda farasi alifika na barua, akabadilisha farasi na kuendelea, au akamkabidhi mwenzake. Akasema twende tukakipime. Goti lake ni bovu, alihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa tepu. Mtu huyo nikawa mimi.

Doha hadi Beijing

Sitaki kumsingizia mtu aliye na maumivu. Lakini kiwanja cha ndege cha Doha ni kirefu, na bashmuhandisi alikataa kiti cha magurudumu mara tatu. Msichana wa Kinepali alikisukuma kiti kile tupu nyuma yetu mpaka kwenye geti letu, kwa adabu kabisa, kama anayesindikiza jeneza ambalo maiti yake inatembea mbele. Tulikuwa wa mwisho kuingia.

Ndani ya ndege alinifundisha kuhesabu kwa Kichina mpaka kumi. Nilifika sita, nikalala. Nilipoamka alikuwa amekasirika kwamba nimelala, na chakula changu kilikuwa kimechukuliwa. Nilimuuliza kwa nini hakuniamsha. Akasema, "Ya Saleh, nilidhani unafunga." Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa kawaida tu.

Treni

Mle stesheni ya Beijing kila mzigo hupita kwenye mashine, na kila abiria hupapaswa. Mimi sina neno, hata kwetu mtu hukaguliwa. Tatizo lilikuwa kopo la dawa ya kupuliza ambalo bashmuhandisi hulipulizia goti lake. Haliruhusiwi kwenye treni. Askari wa kike alilionyesha, akaionyesha picha ya kopo ukutani yenye mstari mwekundu. Jambo lilikuwa wazi hata kwa mtoto.

Bashmuhandisi akaanza kumhutubia kwa Kichina chake cha zamani. Watu wakasimama kutazama. Mzee mmoja alicheka mpaka akafuta macho, kisha akamjibu polepole, kama mtu anayeongea na redio ya zamani. Baadaye bashmuhandisi aliniambia kwamba mzee yule amemsifu. Labda. Ninachojua ni kwamba kopo lilibaki, treni yetu ikaondoka, na ya pili tukaisubiri zaidi ya saa mbili tukinywa maji ya moto.

Hilo la maji nalo niliseme. Kila mahali maji ni ya moto. Ukiomba ya baridi wanakutazama kwa huruma, wanafikiri utaumwa tumbo. Nami nimezoea Doha, ambako mtu huweka chupa kwenye friji ndipo aitwe binadamu. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya tatu nilikuwa natembea na chupa yangu ya maji ya moto kama wao.

Tuliposhuka kwenye mji wa wilaya, upepo ulikuwa mkavu na baridi, milima inaonekana tupu kama mgongo wa ngamia aliyekonda. Goti la bashmuhandisi lilikuwa limevimba kama boga. Njaa ilituuma, na tulizunguka karibu na stesheni tukitafuta chakula cha halali. Mwishowe niliona Kiarabu kimeandikwa juu ya mlango. Ndani alikuwa mama wa Kichina aliyejifunga kitambaa kichwani. Nilipotoa salamu akaitikia kamili, mpaka "wabarakatuh." Akatuletea mabakuli ya tambi zilizovutwa kwa mkono, na nyama ya kondoo, na vitunguu saumu vibichi pembeni. Bashmuhandisi alikula bila kulalamika kwa mara ya kwanza tangu Doha. Mimi nilijimwagia mchuzi kifuani kwa vijiti vyao vya kulia. Mama akaniletea kijiko, kidogo, cha mtoto.

Kituoni, mara ya kwanza

Jina la kituo nimeandikiwa kwenye karatasi na bado siwezi kulitamka, basi niliache. Asubuhi ya Jumapili bashmuhandisi hakuweza kushuka kitandani. Akanipa tepu, daftari la miraba, kalamu mbili na maagizo mengi. "Anza mbele, malizia nyuma. Kila ukuta, kila mlango, kila nguzo. Usiache kitu."

Nilikwenda kwa bajaji ya umeme mpaka penye ukuta wa udongo ulioshindiliwa, mrefu, umeliwa na upepo mpaka umefanya matumbo. Nyuma yake yalionekana mapaa ya vigae vya kijivu, na mnara mmoja. Mtunza funguo alikuwa mama mtu mzima, koti la pamba, mashavu mekundu kwa baridi. Bashmuhandisi alikuwa amempigia simu kabla, kwa hiyo alikuwa ananingoja. Alinishika mkono wa shati akaniongoza kwenye lango kubwa la upande wa kusini. Lina paa lake lenyewe, nguzo mbili nyekundu, na kizingiti cha mbao kinachofika gotini.

Hapa ndipo nilipoharibu, na sina wa kumlaumu. Mimi ni dereva Doha. Lango kubwa la nyumba ya watu, lenye njia ya wageni wa majlisi, sebule ya wanaume, silipiti. Dereva ana mlango wa pembeni, na mpishi, na mleta maji, na fundi wa kiyoyozi. Hakuna aliyenifokea hata siku moja, miguu yangu tu inajua. Nilimwelewa mama yule vizuri kabisa kwamba ananikaribisha. Nilielewa nikakataa. Niliweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa, nikatafuta pembeni. Na kweli, ukutani upande wa mashariki kulikuwa na mlango mpana usio na pambo. Nikaingia huko. Mama akabaki amesimama langoni na funguo zake. Akanifuata, akanivuta tena. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana hasira ya aibu haina lugha, "Hapana, mama, hapa pananitosha." Alisema kitu kirefu, akaketi juu ya jiwe, akaniacha nifanye ujinga wangu.

Mlango ule ulikuwa wa farasi. Hauna kizingiti. Nikapima upana wake, farasi wawili wanaweza kupishana na wapanda farasi wakiwa juu. Ukishaingia tu, juu yako kuna upenu mpana, umetoka ukutani kama kiganja kilichokinga mvua, na chini yake hori la jiwe la kunyweshea. Ukutani kuna mawe yaliyotobolewa ya kufungia hatamu. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye hori, saba. Kutoka hori hadi dirisha dogo ambako, mama alinionyesha kwa ishara ya kupokea na kupiga muhuri, barua ilikuwa inakabidhiwa, hatua tano. Karibu na dirisha kuna chumba chenye kitanda cha matofali kinachowashiwa moto chini. Nilikaa juu yake. Ukikaa pale unaona hori, unaona mawe ya hatamu, unamwona farasi wako. Mnara nao unatazama barabara. Mama alinyoosha kidole mbali, akatimua vumbi kwa mkono, akajifanya anapiga ngoma, kisha akakimbia hatua mbili kama anayetandika farasi. Nikaelewa: mlinzi akiona vumbi la mpanda farasi, wa chini wanaweka tayari farasi mwingine.

Nilifurahi, sitaficha. Nilipima siku nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Mahali nilipoingilia nikaandika MBELE, na yote yaliyobaki, lango kubwa, ukumbi na vyumba vya maofisa, nikayaandika NYUMA. Huko niliyatupia macho tu, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na mama alikuwa anatikisa funguo.

Hotelini

Bashmuhandisi alikuwa amelala, goti limefungwa taulo la maji ya moto. Akafungua daftari. Akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Ya Saleh, lango kuu liko wapi?"

"Hilo hapo, nyuma."

"Lango kuu liko nyuma?"

"Kwa nilivyoingia mimi, ndiyo."

Akavua miwani. "Umeingilia wapi, wewe?"

Nikamwambia. Kisha kelele zikaja. Kwamba amekuja nchi ya mbali na goti moja ili dereva ampimie zizi. Kwamba nyumba ina uso, na mimi nimeuacha uso nikapima mkia wa punda. Kwamba hakuna kipimo hata kimoja cha lango, wala cha ukuta ule wa kusitiri ulio nyuma ya lango, wala cha ukumbi. "Hata mtoto angejua nyumba inaanzia wapi."

Nilimjibu kwamba inaanzia anapoingilia mtu. Sikukusudia ujuvi, nilikuwa nimechoka. Akasema, "Toka." Nikatoka. Nilisimama kwenye veranda ya hoteli nikimfikiria Kassimu, na sehemu ya kuosha magari, na kwamba pengine ilinipasa kumwambia bashmuhandisi tangu Doha amchukue mtu aliyesoma. Haki yake niiseme pia: alikuwa ameniagiza nianzie mbele, tena mara mbili.

Kituoni, mara ya pili

Treni yetu ya kurudi Beijing ilikuwa saa nane mchana. Asubuhi bashmuhandisi akavaa, akashuka ngazi moja moja kwa matusi ya Kisudani, akapanda bajaji. Kila shimo barabarani alinitazama, kana kwamba nalo nimelichimba mimi.

Mama mtunza funguo alipomwona akafurahi. Huyu ndiye mgeni. Wakapita lango kubwa, bashmuhandisi akainua mguu mbovu juu ya kizingiti kwa mikono miwili. Nami nikapita nyuma yake, kwa mara ya kwanza, nimebeba tepu. Tulipima lango, tukapima ukuta wa kusitiri, tukapima ukumbi. Ni kazi nzuri sana, siwezi kubisha. Nguzo zimekaa juu ya mawe ya duara, boriti za paa zimepakwa rangi, na vyumba vya maofisa vinatazama kusini, mkubwa kati na wadogo pembeni. Nilishika upande wangu wa tepu nikataja vipimo, naye akaandika bila kuinua macho.

Ukumbini alisimama, akamuuliza mama kitu kwa Kichina chake. Mama akajibu, akajibu tena kwa sauti kubwa, mwisho akamkamata mkono wa shati kama alivyonikamata mimi. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa ameuliza tarishi mwenye barua ya haraka alipita wapi kufika pale ukumbini. Mama akasema hakufika. Ukumbi ulikuwa wa wakubwa waliolala njiani. Tarishi aliingilia kwa farasi, akatokea kwa farasi, na wengi hawakuwahi kuuvuka mlango wa ndani.

Akampeleka. Nami nikafuata. Bashmuhandisi akaketi juu ya kile kitanda cha matofali, goti amelinyoosha, akatazama hori, akatazama mawe ya hatamu. Alikaa pale muda mrefu hata nikaogopa tutaachwa na treni nyingine. Nikamwambia, "Bashmuhandisi, saa."

"Upenu huu umeupima?"

"Nimeupima."

"Upime tena. Na kimo chake kutoka chini, pale hori lilipo. Kile kimo hukukiandika."

Kweli sikukiandika. Nikapima. Hakusema samahani, na mimi sikuingojea. Mama alitupatia mayai ya kuchemsha ya njiani, sita, kwenye mfuko wa nailoni. Alimpa bashmuhandisi mawili, mimi manne.

Kurudi

Treni tuliipata. Mayai bashmuhandisi aliyala yote mawili, na moja la kwangu. Tukiwa ndani ya ndege alitaka nimshikie daftari juu ya meza yake ya kulia chakula huku anachora, na kila ndege ilipotikisika alisema nimelisogeza mimi. Dawa ya goti tuliinunua Doha asubuhi ya Jumanne, kopo lile lile. Jumatano hakulala. Nilimpelekea kahawa saa tano ya usiku akaniuliza pikipiki ina upana gani pamoja na sanduku la nyuma. Nikaenda kumpimia ya Kassimu.

Alhamisi michoro ilikwenda. Mlango wa upande wa barabara ni wa pikipiki, hauna ngazi, mbili zinapishana. Upenu unaifunika pikipiki mpaka nyuma. Maji yapo hatua saba. Kuna benchi refu la matofali linalotazama pikipiki, na nyuma yake vitanda vinne vya kulala saa zile za kiangazi ambazo pikipiki hukatazwa barabarani kwa sababu ya joto. Upande wa maduka bashmuhandisi alichora mlango mzuri wenye nguzo mbili, kwa ajili ya mwenye maduka.

Leo mchana bashmuhandisi amepiga simu. Mwenye maduka amekubali, isipokuwa vitanda. Hataki mtu alale kwenye mali yake, watu watahamia. Nilimwambia bashmuhandisi hiyo si haki. Akasema, "Ya Saleh, ni kiwanja chake." Sijui nani kati yetu yuko sahihi. Ningekuwa na maduka labda nami ningeogopa. Lakini benchi limebaki, na bashmuhandisi anasema amelipanua kimyakimya, kiasi cha mtu kujinyoosha. Kama litajengwa kabla ya Agosti, hilo hakuna aliyesema.

Kassimu alipoingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, nilimtandazia mchoro sakafuni. Wanjala naye alikuwa ameamka, akaja na kikombe chake.

"Hii ndiyo ile posta ya farasi?" Wanjala akauliza. "Wacha. Hii ni parking tu, buda, na mahali pa kukaa."

Kassimu aliweka kidole kwenye mlango wa barabarani. "Naingia hapa. Naegesha hapa. Maji haya hapa. Nikikaa, oda naiona." Kidole kikarudi barabarani. "Natoka hapa." Kisha akaligundua lile lango zuri la upande wa pili. "Na huku, shemeji?"

"Huko ni kwa wageni."

"Wageni gani?"

Mwanaidi alituambia tuiondoe karatasi, anataka kuandaa chakula hapo. Tulikula wali wa nazi, bamia, na samaki wa kukaanga aliowanunua Wanjala. Kassimu alimaliza mbele yetu wote, akanawa, akachukua helmeti, maana Jumamosi jioni oda ni nyingi.